NCHI JIRANI: JALADA LA ASKARI NA MWANASHERIA ALIYEKOMAA

Kila baada ya muda, katika nchi jirani ya Kenya, serikali hutangaza nafasi za kazi kwa wanasheria. Tangazo hutaja vyeo kwa mpangilio wake: mawakili wa serikali, waendesha mashtaka, waandishi wa miswada ya sheria, mahakimu, na wakati mwingine majaji. Mbele ya vyeo vingi huandikwa sharti moja, nalo ni idadi ya miaka ambayo mwombaji lazima awe ameitumia katika kazi ya sheria. Shahada peke yake haitoshi. Serikali yataka mtu aliyekwisha simama mahakamani, akashinda na akashindwa, akajua kwa nini alishindwa.

Askari polisi aliye kituoni, au mwanajeshi aliye kambini, huenda akalisikia tangazo kama hilo na kujisemea kwamba hilo ni jambo la wasomi wa mjini wenye majoho na vitabu vinene. Mazungumzo yetu ya leo yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Nafasi hizo, zikijazwa vizuri au zikiachwa wazi, humgusa askari kabla ya kumgusa mtu mwingine yeyote. Kazi ya askari hukomea pale jalada linapofungwa na kupelekwa mahakamani. Kuanzia hapo, jasho lake lote limo mikononi mwa mtu mwingine.

Tuanze na tukio lililotokea Kenya mwaka 2003. Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ililetewa rufani ya watu wawili waliokuwa wametiwa hatiani katika mahakama ya chini. Majaji walipochunguza kumbukumbu za kesi, waliona kwamba miongoni mwa walioendesha mashtaka alikuwamo askari mwenye cheo cha koplo. Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama ilivyokuwa wakati huo, ilimruhusu Mwanasheria Mkuu kumteua wakili au mtumishi wa umma kuwa mwendesha mashtaka, lakini ilikataza asiteuliwe askari polisi aliye chini ya cheo cha Inspekta Msaidizi. Koplo hakuwa na mamlaka hayo. Kwa sababu hiyo Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kesi ile, kwa macho ya sheria, ilikuwa batili tangu mwanzo.

Yafaa tulitafakari jambo hilo. Majaji hawakusema kwamba kosa halikutendeka, wala hawakusema kwamba mashahidi walidanganya au kwamba mpelelezi alifanya uzembe. Walisema tu kwamba aliyesimama kuiwakilisha Jamhuri hakuwa na haki ya kusimama. Baada ya uamuzi huo, wafungwa wengine waliokuwa wameshtakiwa kwa namna hiyo hiyo nao walikata rufani. Katika kesi nyingine iliamriwa zisikilizwe upya, na katika nyingine wafungwa waliachiliwa, kwa kuwa muda mrefu ulikuwa umepita. Wapelelezi waliolala nje wakivizia, mashahidi waliojitoa mhanga kusema kweli, na watu waliodhulumiwa waliokuwa wakingoja haki, wote walirudi mikono mitupu.

Tusije tukamlaumu koplo. Yeye alitii amri. Alipangiwa kazi hiyo kwa sababu kazi ilikuwapo na wa kuifanya hakuwapo. Kwa miaka mingi, tangu enzi za ukoloni, katika mahakama za mahakimu mashtaka yalikuwa yakiendeshwa na maafisa wa polisi, kwa kuwa mawakili wa serikali walikuwa wachache na wengi wao walikuwa katika miji mikubwa wakishughulikia kesi za Mahakama Kuu. Maafisa hao walijifunza kazi kwa kuifanya, na baadhi yao walikuwa hodari sana. Lakini mbele ya afisa wa polisi aliyefunzwa upelelezi mara nyingi alikuwa amekaa wakili wa utetezi mwenye uzoefu wa miaka kumi au ishirini, aliyelipwa ili atafute tundu dogo tu katika jalada. Mapambano hayakuwa sawa.

Palikuwa na tatizo la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza. Polisi ndiye aliyekamata, polisi ndiye aliyepeleleza, na polisi huyo huyo, kupitia kwa mwenzake, ndiye aliyeshtaki. Mwananchi aliyesimama kizimbani aliona mkono mmoja tu kuanzia kukamatwa hadi kuhukumiwa. Hata pale polisi walipotenda haki tupu, ilikuwa vigumu kwa mwananchi huyo kuamini kwamba jambo lake limetazamwa na jicho jingine.

Katiba mpya ya Kenya iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ilikusudia kuyaondoa matatizo hayo mawili kwa pamoja. Kazi ya kuendesha mashtaka ilitolewa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu na kupewa ofisi inayojitegemea, ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mwanasheria Mkuu akabaki kuwa mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria na mwakilishi wake katika kesi zisizo za jinai. Mkurugenzi wa kwanza chini ya Katiba hiyo, Bwana Keriako Tobiko, alishika kazi mwaka 2011. Mwaka 2013 ikaanza kutumika sheria ya kuiongoza ofisi hiyo, na hatua kwa hatua waendesha mashtaka wa polisi waliondolewa na mahali pao pakachukuliwa na wanasheria. Hapo ndipo matangazo ya nafasi za kazi yalipoongezeka, kwa maana nchi ina kaunti 47, na kila kaunti ina mahakama zinazohitaji mtu wa kuiwakilisha Jamhuri.

Sasa tuulize, ni mtu wa namna gani anayetafutwa? Nchini Kenya kijana anayetaka kuwa wakili husoma shahada ya sheria katika Chuo Kikuu, kisha huingia Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo ya kazi, hufanya mitihani, na hukaa chini ya wakili mzoefu kama mwanafunzi wa kazi. Akifaulu yote hayo ndipo jina lake huingizwa katika orodha ya mawakili. Lakini hapo ni mwanzo tu wa safari. Ili mtu aweze kuteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Katiba yataka awe na sifa zile zile za jaji wa Mahakama Kuu, yaani uzoefu usiopungua miaka 10. Mwanasheria Mkuu lazima awe na sifa za Jaji Mkuu, ambazo ni miaka isiyopungua 15. Uganda nayo, katika Katiba yake ya mwaka 1995, imeweka sharti kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka awe mtu anayestahili kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Watunga katiba wa nchi hizo mbili walilifahamu jambo hilo, wakaliandika kwa tarakimu.

Uzoefu huo wa miaka unamsaidia nini askari? Jibu limo ndani ya jalada lenyewe. Tuchukue mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni saa. Katiba ya Kenya yaamuru kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kabla ya kupita saa 24. Kama muda huo unaishia nje ya saa za kazi za mahakama, au katika siku isiyo ya kazi, basi afikishwe siku ya kazi inayofuata. Hata kabla ya Katiba hiyo mipaka ilikuwapo. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ilimwachilia mtu aliyekuwa ametiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, kwa sababu alikuwa amewekwa mahabusu kwa muda wa miezi minane kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu, na hapakutolewa maelezo yoyote ya ucheleweshaji huo. Miaka ya baadaye mahakama zilianza kuamua kwamba dawa ya kosa la namna hiyo ni fidia badala ya kumfungulia mshtakiwa mlango. Hata hivyo fundisho limebaki. Mwendesha mashtaka mzoefu, akishika jalada, jambo la kwanza analotazama ni tarehe na saa ya kukamatwa.

Mfano wa pili ni maungamo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2003, na marekebisho yaliyofuata, maungamo ya mshtakiwa nchini Kenya hayapokelewi mahakamani mpaka yawe yametolewa mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo na ambaye cheo chake si chini ya kile kilichowekwa na sheria, tena pakiwapo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Mpelelezi mwenye ari huweza kuyapata maungamo usiku wa manane, akayaandika kwa mwandiko mzuri, akaamini kwamba kazi imekwisha. Mwanasheria mchanga huweza kuyaamini pamoja naye. Aliyekomaa atayaweka kando, atarudisha jalada kituoni na kuandika: leteni ushahidi mwingine.

Mfano wa tatu ni vielelezo. Bunduki iliyokamatwa, panga lenye damu, au mfuko wa bangi, havisemi vyenyewe. Lazima ijulikane nani alikiokota kielelezo, nani alikipokea, kiliwekwa wapi, nani alikipeleka kwa mkemia, na nani alikileta mahakamani. Pengo la siku moja katika mlolongo huo latosha kumpa wakili wa utetezi mahali pa kuingilia. Katiba ya Kenya yaongeza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu hautapokelewa, ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Mambo haya hayajulikani kwa kusoma kitabu usiku mmoja. Hujulikana kwa kuona kesi ikianguka mbele ya macho yako, na kukumbuka mahali ilipojikwaa.

Ndugu Wasikilizaji, hapa hatuna budi kusema ukweli juu ya jambo linaloleta manung'uniko. Askari wengi, Kenya na kwingineko, huudhika jalada linaporudishwa. Huona kwamba mtu aliyekaa ofisini, ambaye hakukimbizana na jambazi, anamfundisha kazi. Nchini Kenya Mkurugenzi wa Mashtaka amepewa na Katiba uwezo wa kumwelekeza Inspekta Jenerali wa Polisi kupeleleza habari yoyote ya jinai, na Inspekta Jenerali hana budi kutii. Uganda nako Mkurugenzi wa Mashtaka anayo mamlaka ya kuwaelekeza polisi wapeleleze na kumletea taarifa bila kuchelewa. Yapo mazingira ambamo mamlaka hayo yamezusha msuguano baina ya ofisi hizo mbili. Lakini askari aliyewahi kutoa ushahidi akabanwa na wakili wa utetezi mpaka akatokwa na kijasho atakubali kwamba ni heri kuulizwa maswali magumu na mtu wa upande wako, siku ambayo bado kuna nafasi ya kurekebisha, kuliko kuulizwa na mpinzani mbele ya hakimu.

Uzoefu, hata hivyo, hauna faida kama mwenye nao anaogopa. Historia ya Kenya yenyewe ni shahidi. Mwaka 1986 Katiba ya zamani ilibadilishwa na kumwondolea Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kazi yake. Mwaka 1988 majaji nao waliondolewa ulinzi huo. Ulirudishwa mwaka 1990, baada ya malalamiko mengi ya mawakili, viongozi wa dini na wananchi. Kutokana na mambo hayo, Katiba ya mwaka 2010 ilimwekea Mkurugenzi wa Mashtaka muda wa miaka minane, asioweza kuongezewa, ili asiwe na haja ya kumpendeza mtu apate kuteuliwa tena. Ikaandikwa pia kwamba hahitaji idhini ya mtu yeyote kufungua mashtaka, wala hapokei amri ya mtu katika kazi hiyo. Lakini ili naye asijifanye mfalme, hawezi kuondoa kesi mahakamani bila ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo ulinzi aliopewa umewekewa mpaka.

Kwa upande wa wanajeshi, jambo hili lina sura nyingine, lakini asili yake ni moja. Mahakama ya kijeshi hushughulikia makosa yanayoweza kumpotezea askari cheo chake, kazi yake na uhuru wake. Kwa mujibu wa sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012, mahakama hiyo huongozwa na mwanasheria anayeteuliwa na Jaji Mkuu, ambaye ni hakimu au wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 10. Pamoja naye huketi maafisa wa jeshi: wasiopungua watano ikiwa mshtakiwa ni afisa, na wasiopungua watatu ikiwa ni askari wa vyeo vingine. Na aliyetiwa hatiani anaweza kukata rufani Mahakama Kuu. Maafisa wanajua maisha ya kambini, maana ya lindo na uzito wa amri. Mwanasheria anajua ushahidi. Kwa hiyo mwanajeshi asiyejali kama serikali inapata wanasheria waliokomaa, anapuuza mtu ambaye huenda siku moja akawa ndiye anayeamua kama shtaka lake mwenyewe limethibitishwa au la.

Itaulizwa, kama nafasi hizo zina heshima kubwa namna hiyo, mbona hutangazwa tena na tena? Sababu haifichiki. Mwanasheria aliyefikisha miaka kumi ya kazi anayo njia nyingine ya kupata riziki. Ofisi binafsi za mawakili, mabenki na makampuni humlipa vizuri, na humlipa kwa kila kesi. Serikali humlipa mshahara. Kwa hiyo wapo vijana wanaoingia serikalini, wakafundishwa, wakaiva, kisha wakaondoka, na siku inayofuata wakakutwa wamekaa upande wa utetezi, wakilipangua lile jalada ambalo zamani wangelijenga. Serikali inayotangaza nafasi pasipo kutazama mishahara, nyumba, usalama na njia ya kupanda vyeo kwa wale ilio nao, ni sawa na mtu achotaye maji kwa pakacha.

Wapo pia wanaobaki, na hao ndio nguzo. Mwaka 2024 Kenya ilimpata Mwanasheria Mkuu wa kwanza mwanamke, Bi. Dorcas Oduor, aliyekuwa ameitumikia kazi ya kuendesha mashtaka kwa miaka mingi akipanda ngazi moja baada ya nyingine. Kwa kumteua mtu wa namna hiyo, vijana walio katika ngazi za chini huona kwamba utumishi wa muda mrefu haukusahauliwa.

Na nchi inapokosa kabisa wanasheria huwa nini? Jirani yetu Rwanda anaweza kutujibu. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, majaji, waendesha mashtaka na mawakili wengi waliuawa au walikimbia. Baada ya vita magereza yalijaa watuhumiwa zaidi ya 100,000, na mahakama za kuwahukumu hazikuwa na watu. Serikali iliona kwamba kwa mwendo wa mahakama za kawaida wengi wangefia gerezani bila kusikilizwa, na waliofiwa wangekufa bila kuona haki. Ndipo ikaanzisha mahakama za gacaca, ambamo raia waaminifu waliochaguliwa na wananchi, wasio wanasheria, walisikiliza kesi vijijini mpaka mwaka 2012. Gacaca ilifanya kazi ambayo isingaliwezekana kwa njia nyingine, na pia ililaumiwa kwa upungufu wake, hasa kwa kuwa washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea. Wakati huo huo Rwanda ilifanya mageuzi makubwa ya mahakama zake za kawaida mwaka 2004, na kuweka sharti kwamba jaji awe na shahada ya sheria. Fundisho ni kwamba jengo la mahakama laweza kujengwa kwa mwaka mmoja, lakini mwanasheria wa miaka kumi haji mpaka miaka kumi ipite.

Hapa kwetu Tanzania tumepita katika njia inayofanana na hiyo. Sheria ya mwaka 2008 ya usimamizi wa mashtaka ilifungua njia ya kuhamisha kazi ya kuendesha mashtaka kutoka kwa polisi kwenda kwa mawakili wa serikali. Mwaka 2018 kazi zilizokuwa chini ya paa moja ziligawanywa, zikawa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kwa hiyo yanayowapata majirani si hadithi za mbali. Kila wanapovuka salama, twapata njia. Na kila wanapojikwaa, twaonywa.

Ndugu Wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa majeshi yetu yote: mkisikia tangazo la nafasi za kazi kwa wanasheria wenye uzoefu, msilipite. Mpelelezi anapoandika maelezo ya shahidi chini ya taa ya kituo, anamwandikia mtu ambaye hajamwona, atakayesimama mahakamani miezi kadhaa baadaye na karatasi ile mkononi. Akiwa mtu huyo ni hodari na karatasi ni mbovu, kesi itaanguka. Na karatasi ikiwa safi lakini wa kuisoma hayupo, au hana mamlaka ya kuisoma, kesi itaanguka vile vile. Serikali na imtafute mwanasheria aliyekomaa, imtunze, asiondoke. Askari naye aandike tarehe, saa, jina na mahali, asiruke hata neno moja.